Rangi inachuja, uji unayeyuka: jibu kwa dada wa Himbi

Swali, kwa ufupi: «Niko Himbi, Goma. Ninatia rangi pamba nyeupe na kuchora kwa uji wa muhogo, kama wanavyofanya Wanijeria. Rangi nanunua kwa kijiko sokoni, maji nachota ziwani. Siku ya kwanza kitambaa kinapendeza, lakini nikikifua mara tatu rangi imebaki kivuli. Mara nyingine kinatoka na mabaka meupe. Uji nao unayeyuka ndani ya basani. Nimejaribu pia kufuma rafia juu ya uzi wa pamba, na kipande kikajikunja nilipokifua. Ninakosea wapi?»

Dada, makosa yako si ya mkono. Uji umeupika, kitambaa umekichovya, kazi umeifanya. Shida ni kwamba unafuata maelekezo yaliyoandikwa kwa rangi nyingine, maji mengine na joto lingine. Tuanze na rangi, kwa sababu hiyo isiposimama hakuna mchoro utakaosimama.

Ile unga inayong'aa, waridi kali, kijani cha kasuku, zambarau, inayopimwa kwa kijiko na kufungwa kwenye kikaratasi, mara nyingi ni rangi ya mikeka na vikapu. Imetengenezwa ishike rafia, ukindu, katani: vitu ambavyo bado vina ugumu wa mti ndani yake. Pamba iliyosafishwa haina kitu hicho. Rangi inakaa juu ya uzi kama vumbi lililolowa, na sabuni inaiondoa. Kuna aina ya pili, ya pakiti zenye picha ya nguo za kila namna. Hiyo hushika pamba, lakini inataka maji yaliyo karibu kuchemka pamoja na chumvi, nayo imeegemea tu kwenye uzi; kila fuo linachukua sehemu yake. Aina ya tatu ndiyo unayoitafuta: rangi riaktivu, ambayo inaungana na pamba yenyewe mpaka ikawa kitu kimoja nayo. Zilianza kuuzwa mwaka 1956 na kampuni ya ICI ya Uingereza kwa jina la Procion, na zile za kundi la MX zinafanya kazi katika maji ya uvuguvugu tu. Kwa muuzaji wa Goma au wa ng'ambo ya mpaka, uliza «colorant réactif à froid», na mwambie wazi kwamba ni kwa pamba.

Usimwamini muuzaji kwa maneno. Fanya jaribio hili, halikugharimu hata nusu siku ya kazi. Chukua glasi mbili za maji ya uvuguvugu, kila moja robo kijiko cha chai cha rangi na kijiko kimoja cha chumvi. Katika glasi ya pili ongeza nusu kijiko cha soda (nitaeleza chini ni soda gani). Tia katika kila glasi kipande cha pamba safi kinachotosha kiganja, na uzi mmoja wa rafia. Acha usiku mzima, kisha chemsha kila kipande dakika 10 katika maji yenye sabuni ya unga, sufuria mbalimbali. Ikiwa pamba ya glasi yenye soda imebaki na rangi kali na ile ya bila soda imekuwa karibu nyeupe, hiyo ni riaktivu. Ikiwa pamba zote mbili zimefifia sawasawa, ni rangi ya maji ya moto. Na ikiwa pamba zote zimetoka hafifu huku rafia imekunywa rangi hadi ndani, basi umenunua rangi ya mikeka. Usiitupe, ina kazi yake, tutaifikia mwishoni.

Mabaka meupe yana chanzo kingine: maji, pamoja na namna unavyokiandaa kitambaa.

Maji ya Ziwa Kivu si maji matupu. Yana karibu gramu 1 ya chumvichumvi katika kila lita, nyingi zikiwa bikabonati za magnesiamu, sodiamu na potasiamu, na kipimo chake cha pH (kinachoonyesha tindikali au kinyume chake, alkali; 7 ni katikati) juu ya ziwa kiko karibu na 9. Maana yake ni mbili. Kwanza, ni maji ya alkali tayari: ukiyeyusha rangi riaktivu ndani yake na kuiacha mpaka kesho, rangi inaanza kuungana na maji badala ya kungojea pamba. Kwa macho bado ni nzuri, lakini nguvu ya kushika imekwisha. Pili, magnesiamu inagombana na sabuni ya mche. Vinapokutana hutoka ule utando mweupe unaonata, unaouona kwenye ukingo wa basani. Ukikifua kitambaa kipya kwa sabuni ya mche na maji ya ziwa, utando huo unabaki ndani ya uzi bila kuonekana, na mahali ulipokaa rangi haipiti. Ndiyo mabaka yako. Kuyachemsha maji hayo hakusaidii. Kunaiondoa hewa ya kaboni iliyomo na kuyaacha yakiwa na alkali zaidi. Maji ya bomba ya Goma nayo mengi hupandishwa kutoka ziwani, basi usidhani ukifungua robine umelikimbia ziwa.

Maji ya mvua ni laini na yanafaa zaidi kuyeyushia rangi, ila nayo hapa kwetu yana tabia yake. Moshi wa volkano zetu, Nyiragongo na Nyamulagira, una gesi za tindikali, na mvua inayopita ndani yake, hasa upande wa magharibi wa mlima kuelekea Rusayo na Sake, hushuka na ukali huo. Mabati yenye kutu huongeza chuma, na chuma kinazima rangi, hasa zile za majani na maganda. Basi iache mvua ioshe mapaa kwanza, usikinge ya mwanzo. Ukitaka kujua maji yako yako upande gani, katakata kabichi nyekundu, iloweke kwenye maji ya moto, na tone la supu hiyo likiingia katika maji yako litageuka jekundu kwa tindikali, la buluu au kijani kwa alkali. Weka kanuni rahisi: maji ya mvua kwa kuyeyushia rangi, maji ya ziwa kwa kuyeyushia soda na kwa kusuuza. Katika suuzo alkali ya ziwa haidhuru sana.

Sasa kitambaa. Kabla ya kununua mita kumi, omba uzi mmoja wa ukingoni na uuchome. Pamba huwaka kama karatasi, hunuka karatasi, na majivu yake ni mepesi ya kijivu. Poliesta hujikunyata, huyeyuka, na kuacha punje nyeusi ngumu inayonuka plastiki. Vitambaa vingi vyeupe vya bei nafuu ni mchanganyiko, na sehemu ya poliesta haitashika rangi riaktivu hata ungeipigia magoti. Amerikani, ile pamba isiyopaushwa yenye vidoa vya mbegu, ni kitambaa kizuri cha kuanzia, lakini kimejaa uwanga wa kiwandani na mafuta ya pamba yenyewe. Kikwembe kilichokwisha pigwa chapa usikitumie kwa majaribio haya. Kina dawa za kukifanya king'ae na kisimame.

Uuondoe uwanga huo hivi: kwa kila lita ya maji gramu 5 za soda na kijiko cha chai cha sabuni ya unga (ya unga, siyo ya mche), chemsha polepole saa nzima kitambaa kikizama chote. Maji yatatoka rangi ya chai. Amerikani mbichi huenda ikataka mara mbili. Suuza, anika, kisha dondosha tone la maji juu yake. Tone likizama papo hapo, kitambaa kiko tayari. Likisimama kama lulu, rudi kwenye mbabula, jiko la makaa.

Soda ninayoisema ni kabonati ya sodiamu. Tafadhali usiichanganye na soda kostiki ya watengeneza sabuni. Hiyo inachoma ngozi na macho, na haina kazi hapa. Ukiikosa kabonati, itengeneze. Nunua bikabonati ile ya mikate, iweke kwenye kikaango kikavu cha chuma juu ya makaa, ukoroge. Itachemka kama uji ingawa ni kavu, kwa sababu mvuke na gesi vinatoka. Ikitulia kabisa, baada ya dakika 30 hadi 45, ipime: gramu 100 za bikabonati zinapaswa kubaki takriban gramu 63. Ikibaki 80, bado, rudisha motoni. Magadi ya mawe yakisagwa na kukaangwa vivyo hivyo nayo yanageuka kabonati, gramu 100 zikitoa karibu 70, ila mara nyingi yana udongo, kwa hiyo yayeyushe na kuyachuja. Fanya kazi hiyo nje, upepo ukiwa mgongoni, maana unga wake unawasha macho. Na soda iliyoyeyushwa usiiweke kwenye sufuria ya aluminiamu, inaila. Basani ya plastiki au sufuria ya enameli.

Kipimo cha kitambaa chenye uzito wa gramu 250 kikiwa kikavu, rangi ya wastani: maji lita 5, chumvi ya jikoni gramu 250, rangi gramu 5, soda gramu 50. Kwa rangi nyepesi rangi iwe gramu 2 na nusu, kwa nzito gramu 10, kwa nyeusi 15 hadi 20. Mizani ndogo ya betri inayopima gramu ni ya lazima. Kijiko kinadanganya, kwa sababu rangi moja ni nzito na nyingine ni nyepesi kama unga wa mahindi. Hivi ndivyo wengi wanavyopata kijani tofauti kila wiki na kumlaumu muuzaji.

Vaa barakoa na glavu kabla ya kufungua kopo. Unga wa rangi riaktivu ukivutwa mara nyingi unaweza kukuachia pumu isiyoondoka. Ukande kwanza na maji kidogo ya mvua mpaka uwe kama rojo lisilo na punje, ndipo uongeze maji. Punje moja isiyoyeyuka ni doa moja jeusi. Changanya na chumvi iliyokwisha yeyuka, tumbukiza kitambaa kikiwa kimelowa maji tayari, geuza bila kuchoka kwa dakika 20. Kitoe. Mimina soda iliyoyeyushwa katika maji ya uvuguvugu, koroga, kirudishe. (Usimwage soda juu ya kitambaa moja kwa moja, utapata ramani ya visiwa.) Geuza dakika 10 mfululizo, kisha kila dakika tano, mpaka saa moja itimie.

Hapa linaingia suala la joto, ambalo wa miji ya joto kama Kindu au Kalemie hawana haja ya kulifikiria. Rangi hizi zinataka maji ya nyuzi 25 hadi 40. Goma asubuhi, na mvua ikinyesha, maji ya bidoni yako chini ya 20, na kazi ya rangi inakaribia kusimama. Maji yawe ya uvuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto, basani ifunikwe, izungushiwe blanketi kuukuu. Usiende upande wa pili pia: maji ya kuchemka yanaiua rangi hiyo haraka kuliko inavyoshika.

Kisha suuza. Watu wengi wanaosema rangi riaktivu nazo zinachuja hawakumaliza hatua hii. Sehemu ya rangi daima inaungana na maji badala ya pamba, na sehemu hiyo imejificha ndani ya uzi. Anza na maji baridi mara tatu au nne mpaka utelezi wa soda uishe. Baada ya hapo tia kitambaa katika maji ya moto sana yenye sabuni ya unga, dakika 15, mwaga, rudia mpaka maji ya moto yabaki meupe. Goma iko kama mita 1,500 juu ya bahari, maji yanachemka karibu nyuzi 95. Kwa kusuuza inatosha kabisa. Ukianza na maji ya moto wakati soda na chumvi bado zimo, rangi iliyolegea itarudi kukaa kwenye sehemu nyeupe. Jaribu mwisho kwa kubana kitambaa kibichi ndani ya kitambaa cheupe na kupitisha pasi juu yake. Cheupe kikitoka kisafi, umemaliza.

Sasa uji wa muhogo.

Umeiga nusu ya kazi ya Wayoruba wa Nijeria. Adire eleko, kitambaa chao cha nili cha Abeokuta na Ibadan, inachorwa kwa uji wa muhogo, kwa unyoya au kwa kiolezo cha bati, lakini inachovywa katika nili baridi. Nili haihitaji joto, na kitambaa kinazama kwa muda mfupi, kinatolewa, kinapigwa na hewa mpaka kijani kigeuke buluu, ndipo kinazamishwa tena. Uji mkavu unavumilia hayo. Wewe umeuweka katika maji ya uvuguvugu saa nzima na kuukoroga. Hata bugali ungeyeyuka. Kuna na jambo la pili: uwanga wa muhogo na pamba ni ndugu. Rangi riaktivu haibagui, inaungana na uji kama inavyoungana na uzi. Basi ukitumia rangi hizi, acha kuchovya. Paka.

Unga wa bugali wa sokoni ni wa muhogo uliochachushwa, una tindikali na una nyuzinyuzi. Ukiutumia, kingo za mchoro zinafifia vibaya, kwa sababu tindikali inaila soda pembeni mwa mstari. Heri upate uwanga wenyewe: ukune muhogo mbichi, uukamue kwenye kitambaa juu ya basani yenye maji, acha maji yatulie saa nne, mwaga ya juu, na ule unga mweupe uliolala chini uanike. Kwa kazi ya kiolezo chukua gramu 100 za uwanga huo, mililita 600 za maji, na shabu kijiko kimoja cha chai. Vunja uwanga kwa maji baridi kwanza, kisha moto mdogo, ukoroge dakika 10 hadi 15 mpaka weupe upotee na uji uwe kama kioo chenye ukungu. Uchuje ukiwa moto. Kwa unyoya au kijiti ongeza maji mililita 100 au 200. Shabu inaufanya uji usichache upesi, na ukali wake mdogo unapunguza nguvu ya soda chini ya uji, jambo unalolitaka. Nijeria wapo wanaotia mrututu badala yake; ni sumu, achana nao kama kuna watoto nyumbani.

Mpangilio wa kazi uwe hivi. Loweka kitambaa kilichokwisha safishwa katika soda, gramu 50 kwa lita, dakika 15. Kikamue, kianike kivulini, usikipige pasi, kitaungua. Kibane juu ya ubao uliofunikwa plastiki. Kiolezo kikate katika filamu kuukuu ya eksirei. Ni ngumu, haichaniki, na inaoshwa mara mia. Sukuma uji kwa kipande cha plastiki ngumu, upate unene kama wa sarafu. Ukiwa mwembamba rangi inapenya, ukiwa mnene unapasuka na kuachia. Mipasuko midogo ni pambo kama umeikusudia: subiri ukauke kabisa, kisha ukunje kitambaa kwa vidole. Kukauka huchukua siku mbili, na katika miezi ya mvua uji utaota ukungu kabla haujakauka. Kiangazi cha Juni hadi Agosti ndicho msimu wa kazi hii.

Rangi ya kupaka: yeyusha gramu 100 za urea katika lita moja ya maji ya mvua yenye uvuguvugu. Urea ya mbolea, ile nyeupe ya namba 46 inayouzwa kwa wakulima, inafaa; kazi yake ni kuyeyusha rangi vizuri na kushika unyevu, kwa sababu rangi ikikauka inaacha kufanya kazi. Katika mililita 200 za maji hayo tia gramu 4 za rangi, au 8 ukitaka nzito. Paka kwa sifongo karibu kavu, tabaka mbili nyepesi, ukingoja ya kwanza inywewe. Brashi iliyojaa maji inalainisha uji na kuupeleka mchoro wako Gisenyi, ng'ambo ya mpaka. Usiizidishie rangi hiyo uwanga ili iwe nzito. Itaungana na uwanga badala ya pamba, na kitambaa kitakauka kama kadibodi.

Bado ikiwa mbichi funika kwa plastiki, saa 24, siyo nne au sita unazoziona katika maelekezo ya nchi za joto. Mawe meusi ya lava yaliyopigwa na jua alasiri yanashika joto muda mrefu. Tandika blanketi juu yake, kitambaa katikati ya plastiki mbili, na umeshapata jiko la bure. Siku ya pili lowesha katika maji baridi nusu saa, komba uji kwa kijiko, halafu ndipo ufuate suuzo nililoeleza. Uji utatoka na rangi nyingi ndani yake. Usishtuke, na usiumwage ziwani.

Nta ni njia nyingine, na ndiyo inayovumilia kuchovywa. Nusu mafuta ya mishumaa, nusu nta ya nyuki: ya kwanza peke yake inapasuka yote, ya pili peke yake haipasuki na ni ghali. Iyeyushe katika kopo lililosimama ndani ya sufuria ya maji. Kwa urefu wa mji wetu juu ya bahari nta hiyo haitafika hata nyuzi 95, kwa hiyo haipenyi pamba nene. Chagua kitambaa chepesi na utazame nyuma yake: nta ikionekana kavu nyeupe badala ya kung'aa, haijafika. Ikishika moto, ifunike kwa kifuniko. Maji hapana, kamwe.

Kabla ya rafia, neno la kando kuhusu ziwa. Kokwa za avoka, ambazo hapa zinatupwa kila siku, zinatoa waridi kwa pamba, na alkali ndiyo inayolivuta liwe jekundu zaidi. Kokwa zilizokatwa, uzito mara mbili au zaidi ya kitambaa, maji ya ziwa, moto wa chini bila kuchemka kwa saa moja, acha usiku, chuja, tumbukiza kitambaa saa moja tena. Zina ukakasi, ule wa ndizi mbichi mdomoni, na ukakasi ndio unaoishika pamba. Tone la maji ya misumari yenye kutu iliyolowekwa katika siki linaligeuza waridi hilo kuwa kijivu cha njiwa. Likizidi, chuma kitaozesha uzi kadiri muda unavyokwenda. Bitiruti, manjano na lengalenga nyekundu usipoteze nazo muda. Zinadanganya siku tatu.

Kipande chako cha rafia kimejikunja kwa sababu nyuzi mbili zenye tabia tofauti zimefungwa pamoja. Mtande wa pamba (nyuzi za urefu) ukifuliwa kwa mara ya kwanza unafupika. Mshindio wa rafia (nyuzi za kukatisha) haubonyei, basi kitambaa kinatafuta pa kwenda na kinainuka kama bati lililopigwa jua. Wakuba wa Kasai hawana shida hiyo, kwani mtande na mshindio wao vyote ni rafia, isiyosokotwa, na ndiyo sababu kitambaa chao hakipiti urefu wa jani. Kikitoka kwenye kitanda cha kufumia kinatwangwa kwenye kinu mpaka kilainike. Wanaume wanafuma, wanawake ndio wanaotia ile tarizi ya manyoya.

Ukitaka kuchanganya, chemsha mafungu ya uzi wa pamba katika soda na sabuni ya unga saa nzima kabla ya kuyatandika, yamefungwa legelege mahali panne kwa fundo la namba nane. Fundo likikaza, hapo patabaki peupe. Anika bila kuning'iniza uzito. Uzi ukichanua manyoya na kukwama, upitishe katika uji mwembamba wa ule uwanga, gramu 30 kwa lita, ukauke ndipo uutandike, nyuzi nne kwa sentimita. Rafia iloweshe nusu saa, ifume ikiwa na unyevu, na kesho yake, ikiisha kukauka na kupungua upana, isukume tena chini kabla ya kuendelea. Ukimaliza, usikifue: kipanguse kwa sifongo la maji baridi, kikaushe kimelala chini ya ubao wenye mawe.

Na ile rangi ya kijiko uliyokwisha nunua, hapa ndipo nyumbani kwake. Kwa gramu 100 za rafia: maji ya mvua lita 3, rangi gramu 1, siki kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita ili rangi iyeyuke vizuri na isishike kwa mabaka, moto mdogo nusu saa, ikiwa katika sufuria ambayo haitarudi tena kupika sombe. Suuza mpaka maji yawe meupe kabla ya kuipeleka karibu na pamba yako nyeupe. Kitambaa hicho kikitundikwa ukutani, kikae ukuta usiopigwa na jua la dirishani, maana zambarau na waridi za aina hii mwanga unazila upesi.